Bunia: Ganda jembamba la ngazi linadanganya wakimbizi, na wenye kujua wananyamaza

Bunia, mtaa wa Lumumba. – Mtu akisimama kando ya barabara na ndoo ya mbegu za ngazi, akavunja moja kwa jiwe mbele ya watu, akaonyesha ganda lake jembamba na kusema: « Ona mwenyewe, hii ndiyo ngazi ya Yangambi », basi asalimiwe vizuri kama inavyofaa, lakini asipewe hata franka moja. Ganda analolionyesha kama ushahidi wake ndilo linalomshitaki.

Neno hilo litashangaza wengi. Kila mama anayekamua mafuta, awe wa Komanda, wa Mambasa ao wa upande wa Beni, anajua kwamba ngazi yenye nyama nyingi na ganda jembamba ndiyo yenye mafuta. Anasema kweli. Ni kweli kwa ngazi inayoingia kwenye chungu, lakini si kweli kwa ngazi inayoingia udongoni. Ni vitu viwili, na pale katikati ndipo biashara ya udanganyifu imejenga nyumba yake.

Kuna aina tatu za ngazi, na mtu anayetaka kupanda hata miti kumi azijue. Ya kwanza ni dura, ngazi ya zamani ya kijijini: ganda lake ni nene, milimita 2 hadi 8, na nyama yake ni kidogo. Ya pili ni pisifera: haina ganda, lakini mti wake karibu kila mara ni tasa, unatoa maua na mikungu inaoza kabla ya kuiva. Ya tatu ni tenera, mtoto wa hao wawili: ganda jembamba, nyama nyingi, mafuta mengi. Tenera ndiyo inayosifiwa na kila mtu, na ndiyo inayotafutwa.

Sasa, tenera haipatikani kwa kuokota chini ya tenera. Inapatikana kwa kuoza dura na pisifera: mama dura, baba pisifera, na watoto wote wanakuwa tenera. Ganda la mbegu linafanywa na mti mama. Ni nguo ambayo mama amemshonea mtoto akiwa angali tumboni. Haisemi mtoto atakuwa na sura gani akikomaa. Kwa sababu mama ni dura, mbegu halali ya tenera inatoka kwenye kituo cha mbegu ikiwa na ganda nene. Ndiyo, nene! Mkulima aliyezoea kukamua akiiona atasema ni ngazi mbaya ya msituni, na ataipita kwenda kununua ile ya ganda jembamba, ambayo haikutoka kituo chochote. Imeokotwa katika shamba la mtu, chini ya mti wa tenera.

Na watoto wa mti ule ni akina nani? Kama baba naye alikuwa tenera, kama ilivyo katika shamba lililopandwa tenera peke yake, hesabu inajulikana tangu miaka mingi: katika miti 100, kadiri ya 25 itakuwa dura, 50 itakuwa tenera, na 25 itakuwa pisifera, yaani miti tasa. Hekta moja ya ngazi, ikipandwa kwa nafasi ya meta 9 kwa pembe tatu, inaingia miti 143. Robo yake ni miti 36 hivi. Miti 36 itakayokula mbolea, itakayolimiwa majani, itakayochukua nafasi ya jua, na haitatoa hata jirikani moja ya mafuta. Halafu 36 mingine itakuwa dura ileile ya babu. Aliyelipa bei ya tenera kwa shamba zima amepata nusu ya shamba.

Mti huo tasa watu huuita dume, na muuzaji anafurahi waendelee kuuita hivyo, maana dume si kosa la mtu, ni mapenzi ya Mungu. Lakini hakuna ngazi dume. Kila mti wa ngazi unatoa maua ya kiume na ya kike juu ya mti uleule, kwa zamu: miezi fulani ya kiume, miezi fulani ya kike. Mti unaotoa maua ya kike kila mara na mikungu yake ikaoza ni pisifera, na pisifera katika shamba la mkulima ilitoka kwenye ndoo ya mtu. Mungu asisingiziwe.

Tofauti na mahindi, ngazi inakawia kusema ukweli. Mbegu mbaya ya maharagi inajulikana katika miezi mitatu. Mtu anapata hasara, anakopa, anaanza tena. Ngazi inaanza na miezi ya kuchipuka. Inafuata na mwaka mmoja ao zaidi katika pepinieri. Ikishapandwa shambani inangoja miaka miwili na nusu ao mitatu ndipo itoe mikungu ya kwanza. Basi familia iliyokimbia Djugu ao Irumu, ikapata kipande cha udongo na kuweka ndani yake makuta yake yote, itajua kwamba ilidanganywa mwaka wa tano. Muuzaji ameshahama. Namba yake ya simu haipiti. Na hakuna hakimu atakayesikiliza shauri la ndoo ya mbegu iliyouzwa miaka mitano nyuma bila karatasi.

Kwa mtu mwenye duka pale Lumumba, miaka mitano ni hasara. Kwa mama aliyetoka kwao na watoto na sufuria, anayeishi chini ya hema Kigonze, miaka mitano ni utoto mzima wa mtoto wake mdogo. Ndiyo sababu ubaya huu hauwezi kuitwa ujanja wa sokoni.

Kinachochoma zaidi ni kwamba siri hii ilifumbuliwa hapahapa Kongo. Yangambi, kando ya mto, upande wa chini wa Kisangani, kulikuwa na kituo cha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1933. Katika mwaka 1941 watafiti wawili wa pale, Beirnaert na Vanderweyen, walitangaza kwamba tenera si kabila la pekee, ni mtoto wa dura na pisifera, na kwamba unene wa ganda unaongozwa na kitu kimoja tu katika damu ya mti. Kabla ya hapo, wakulima wa mashamba makubwa walikuwa wanafanya lilelile linalofanywa leo: wanaona mti mzuri wa tenera, wanaokota mbegu zake, wanapanda, kisha wanashangaa kwa nini watoto hawafanani na mama. Walipoteza miaka. Lakini wao hawakuwa na wa kuwaambia. Mkulima wa leo yupo miaka zaidi ya 80 baada ya jibu kupatikana, katika nchi ileile ambako lilipatikana, na bado anauziwa kosa la mwaka 1930.

Asia ilisikia. Kule Malezia, kuanzia miaka ya 1960, mashamba yalipandwa tenera iliyozaliwa kwa dura na pisifera, na dura zao zilitoka kwa miche minne tu ya ngazi ya Afrika iliyopandwa katika bustani ya Bogor, kisiwa cha Java, mwaka 1848. Miche minne! Leo Indonesia na Malezia zinatoa zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya ngazi ya dunia yote. INEAC ikageuka kuwa INERA mwaka 1970, na Yangambi ipo hadi leo.

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya wakubwa, ya mashamba ya kampuni. Hapana. Tazama majirani. Kigoma, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, miti mingi ilikuwa dura ya zamani kama ya hapa. Mwaka 2018 waziri mkuu wa Tanzania, Kassim Majaliwa, alianzisha mpango wa kufufua zao hilo, na kituo cha Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu za tenera kwa ajili ya wakulima wadogo. Uganda, katika visiwa vya Kalangala, mkulima mdogo alipewa miche inayojulikana ilikotoka. Kalangala ina malalamiko yake, na si madogo: msitu ulikatwa, na kuna waliolilia ardhi yao. Lakini hata anayelia kule hakupanda miti asiyojua wazazi wake. Jimbo la Ituri linapakana na Uganda, na halijafikia hata hapo.

Kuna watu wa aina nyingine, wasiouza kitu. Hao wanagawa. Siku ya kugawa kuna bendera, kuna picha, kuna hotuba, na mwisho wake taarifa inasema miche elfu fulani imegawiwa kwa familia fulani. Hakuna taarifa inayosema mbegu ilitoka mti gani. Hakuna inayorudi mwaka wa nne kuhesabu miti yenye mikungu. Mche wa bure wenye wazazi wasiojulikana si wa bure: mkimbizi anaulipia kwa miaka yake, na anayegawa halipi chochote.

Halafu kuna jambo la kutupa miche. Anayejua pepinieri anajua kwamba hata katika mbegu nzuri kabisa, robo ya miche ao karibu nayo lazima itupwe kabla ya kufika shambani: ile iliyojipinda, ile yenye majani membamba kama nyasi, ile iliyobaki mifupi na kilele bapa huku wenzake wanapanda juu, ile ambayo majani yake hayafunguki. Mche mbovu haupati nafuu ukipelekwa shambani. Unakuwa mti mbovu wa miaka 25. Ndiyo maana kwa hekta moja ya miti 143 inachukuliwa mbegu 200. Sasa, nani katika ugawaji wa picha atatupa robo ya miche yake? Taarifa yake itapungua. Basi miche yote inagawiwa, na ile ya mwisho, ile mibovu, inamwangukia aliyechelewa kwenye foleni, yaani bibi mzee na mama mwenye mtoto mgongoni.

Maji nayo. Mche mkubwa katika sasheti ya sentimeta 40 unataka lita 1 hadi 2 kwa siku wakati mvua haipo. Miche 200 ni lita 200 hadi 400, yaani bidoni 10 hadi 20 za lita ishirini, kila siku ya Mungu. Bunia haina mvua ya kutosha kuanzia Desemba hadi Februari. Kumpa mama wa kwenye site miche mwezi wa Desemba, mama ambaye anapanga foleni ya bombani kwa bidoni mbili za kupikia, ni kumpa kazi ya kutazama miche ikikauka. Kisha ataambiwa ni mvivu. Anayetaka kusaidia aweke pepinieri moja ya pamoja karibu na maji, na agawe miche iliyokomaa mvua zinapoanza.

Kuna jambo lingine ambalo muuzaji hatalisema mtaani Lumumba. Mji wa Bunia uko juu, karibu na meta 1,275. Usiku wake ni wa baridi na kiangazi chake ni kikali kwa ngazi, mti unaopenda joto la digrii 24 hadi 28 na mvua nyingi iliyogawanyika mwaka mzima. Mti utaota katika parcelle, utakuwa mzuri kwa macho na utatoa kivuli. Mafuta yatakuwa machache. Kalangala iko juu pia, lakini imezungukwa na ziwa linalotunza joto la usiku na kuleta mvua. Mahali pa ngazi katika jimbo hili ni kule chini, upande wa msitu: Mambasa, na sehemu za Irumu zinazoteremka kuelekea msituni. Ni kulekule watu walikokimbia. Kwa hiyo mkimbizi anayetunza miche Bunia anaitunza kwa ajili ya kurudi, na hilo si wazo baya hata kidogo: sasheti inapandishwa kwenye gari, shamba halipandishwi. Ila muuzaji aseme hivyo wazi, asimwambie mtu kwamba atakamua mafuta Lumumba.

Je, familia isiyo na uwezo wa kupata mbegu ya kituo ikae bure? Hapana. Na hapa ndipo unyamavu wa wenye kujua unaumiza kuliko wizi wenyewe, kwa sababu dawa ya maskini ipo na haina bei. Aokote mbegu chini ya dura. Ndiyo, chini ya ule mti wa zamani wa ganda nene, lakini achague mti unaozaa mikungu mingi, mikubwa, wenye afya, usio na ugonjwa. Mtoto wa dura hawezi kamwe kuwa pisifera, hata baba yake awe nani. Baba akiwa dura, mtoto ni dura: mafuta kidogo, lakini kila mti unazaa. Baba akiwa tenera wa shamba la jirani, nusu ya watoto watakuwa tenera. Hakuna tasa hata mmoja. Maskini anayeokota ganda nene anajua anachopata. Anayenunua ganda jembamba anacheza bahati nasibu. Jambo dogo namna hii, la dakika mbili kwenye redio, kwa nini halisemwi?

Kuotesha kwenyewe kunataka uvumilivu. Ngazi iliyoanguka chini ya mti inaweza kulala miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, bila kuchipuka. Joto ndilo linaloiamsha. Katika vituo, mbegu iliyovuliwa nyama inakaa na unyevu kidogo katika joto la digrii 38 hadi 40 kwa siku 60 hadi 80, kisha inaloweshwa na kuachwa ipoe, na katika majuma machache inachipuka. Ikitoka, ina ncha mbili: iliyochongoka na nyeupe ni ya kwenda juu, iliyo butu na rangi ya kahawia ni mzizi. Wanaopanda haraka huigeuza, na mche unapinda kama ndoano. Inaingia kwanza katika sasheti ndogo, chini ya kivuli, miezi mitatu ao minne. Kisha sasheti kubwa, juani, nafasi ya sentimeta 70 kati ya moja na nyingine. Zikibanana, majani yanapata madoa ya kahawia yenye duara la manjano; ni ukungu, na unasambaa kwa maji ya kumwagia juu ya majani na kwa kukosa hewa. Tenganisha sasheti, ng'oa majani yaliyougua uyachome, mwagia udongo na si majani. Mche unafika shambani ukiwa na miezi 12 hadi 18 tangu uchipuke. Anayekwambia upande wa miezi mitano anataka kumaliza stoki yake.

Shambani, adui wa kwanza ana meno. Simbilisi na panya wanakata mche usiku mmoja. Waya ao hata vipande vya bati kuzunguka shina vinaokoa mwaka mzima wa kazi. Adui wa pili ni jembe lenyewe, linalokata mizizi, na panga linalofyeka majani mabichi ya mti ili uonekane msafi. Jani la kijani ni jiko la mti. Likatwe lililokauka, na lile linalozuia kufikia mkungu, basi. Kati ya miti, miaka miwili ya kwanza, panda maharagi, karanga, mahindi: familia inakula wakati ngazi inakua, na magugu yanakosa nafasi. Duara la meta moja kuzunguka shina liachwe wazi.

Majani ya chini yakigeuka manjano kama chungwa, mti unalilia chumvi za udongo, mara nyingi magnesi ao potasi. Mkungu mtupu uliotolewa ngazi una potasi nyingi. Ukirudishwa chini ya mti, ama majivu yake, ni mbolea isiyonunuliwa. Wamama wanatumia majivu hayo kwa sabuni, na hawakosei, lakini sehemu irudi shambani.

Mti ulioanguka ao uliokatwa kwa ajili ya pombe usiachwe uoze pale. Ndani ya gogo linalooza ndimo mbawakawa mwenye pembe anazalia, kisha anatoka na kutoboa kilele cha miti michanga. Mdudu mwingine mwenye mdomo mrefu anafuata matundu hayo na kutaga. Mtoto wake ndiye yule mnene anayekaangwa na kuuzwa. Kula mdudu ni halali. Kumfuga bila kujua katika shamba lako ni hasara. Na kuna mnyauko wa fuzari, ukungu wa udongoni unaojulikana Kongo tangu miaka ya 1940: majani yanavunjika katikati na kulalia shina, mti unakonda kwa miezi ao unakufa kwa ghafla. Hauna dawa. Usipande mche mpya katika shimo lilelile. Kinga yake ni mbegu iliyochaguliwa kwa kuvumilia ugonjwa huo, na hapo mazungumzo yanarudi kwenye swali lilelile la kwanza: mbegu hii ni ya nani?

Kuna wanaosema kelele hii yote ni bure kwa sababu mkimbizi hana ardhi. Wanasema kweli nusu. Katika vijiji vingi, mgeni anayepewa kipande anaruhusiwa maharagi na muhogo, harusiwi mti. Mti wa kudumu ni neno la umiliki: aliyepanda ngazi, kesho watoto wake watasema hapa ni petu. Wenyeji wana haki ya kuogopa, katika jimbo ambako udongo umemwaga damu nyingi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilisema ardhi ni ya serkali, na haki za mila zitapangwa kwa amri ya raisi wa nchi. Amri hiyo haijatoka tangu wakati ule. Kwa hiyo kila mtu anasimama juu ya udongo laini. Lakini kinachofuata si kumkataza mkimbizi. Kinachofuata ni masikilizano ya maandishi, mbele ya mkubwa wa kijiji na mashahidi wa pande mbili, yanayosema kabla ya shimo la kwanza: udongo ni wa nani, miti ni ya nani, mikungu inagawiwa namna gani, na mwenye miti akirudi kwao atalipwa nini. Ngazi inazaa miaka 25. Maneno ya mdomo hayadumu hivyo.

Kwa wenye kazi, basi. Nchi ina SENASEM, huduma ya taifa ya mbegu, na kazi yake ni kuhakikisha ubora wa mbegu zinazouzwa. Ituri ina ukaguzi wa kilimo. Ina kituo cha INERA Nioka, ambacho kiko juu kwenye baridi na si mahali pa kuoteshea ngazi, lakini watu wa pale ni wa nyumba moja na watu wa Yangambi na simu inafika. Wakulima wanadai mambo yanayowezekana: muuzaji wa mbegu ao miche ya ngazi aandike kwenye sasheti jina lake, mama wa mbegu, baba wa mbegu, na tarehe ya kuchipuka, asiyeweza kuandika baba, aandike « baba hajulikani » na auze kwa bei ya baba asiyejulikana. Shirika linalogawa miche lirudi mwaka wa nne, lihesabu miti yenye mikungu, na litangaze hesabu hiyo kwa sauti ileile lililotangaza ugawaji. Na maagronomu waje kwenye maikrofoni wasema kwa Kiswahili, kwa Kilendu, kwa Kihema, kwa Kialur, kwa Kibira, mambo haya ya ganda nene na ganda jembamba, badala ya kuyaacha katika vitabu vya Kifaransa.

Kisingizio cha barabara kisiletwe. Mbegu 200 zilizochipuka, yaani hekta nzima ya familia moja, zinafungwa katika mfuko wa plastiki na kubebwa mkononi na abiria. Anayetoka Kisangani anaweza kuziweka magotini mwake.